Dakika Kumi Ambazo Hazikutegwa

Katika ofisi moja ya mambo ya intaneti pale Magongo, Changamwe, palikuwa na sheria ya mahamri. Fundi akijifungia nje, kesho yake asubuhi huja na mahamri ya watu wote wanane, ya moto, pamoja na mbaazi zake. Faini nyingine haikuwapo. Watu walikula, wakamsimanga mwenye kosa mpaka chai ikaisha, kisha kila mtu akarudi kwenye kiti chake.

Kujifungia nje ni kosa la watu wa kazi ile tu, na wala si la mjinga, maana mjinga haaminiwi kufika hapo. Kampuni ilikuwa na ruta zake, vile visanduku vya kuelekeza intaneti, zimetapakaa kuanzia Likoni hadi Bamburi: shuleni, kwenye ofisi za machimbo, na moja katika zahanati ya Jomvu Kuu. Kila ruta ilikaa ndani ya kabati dogo la chuma chini ya mnara, na juu ya mnara palifungwa dishi la kupokea mawimbi. Fundi hakuwa na haja ya kuzifuata huko. Alikaa Magongo mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, akaandika amri mstari kwa mstari, na ruta iliyo mbali ikamtii. Lakini akikosea mstari mmoja, aliweza kuifunga njia ile ile aliyoingilia. Hapo hata angeandika mpaka vidole vipate sugu, ruta haimsikii tena. Ilibidi mtu atumwe kwa pikipiki akalizime kabati na kuliwasha kwa mkono.

Jerioth hakuwahi kununua mahamri. Miaka saba alikaa kwenye kiti kile karibu na dirisha, na miaka saba alikula ya wenzake. Alikuwa mtoto wa Chaani, baba yake alitoka Meru ujanani akaja kuendesha kreni bandarini, na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, mkali kidogo, mwenye kupenda sifa kuliko alivyokubali. Wenzake walimwita Mkono Mrefu kwa sababu alifika kila mahali bila kuondoka pale alipo. Jina lile lilimpendeza mno, na nasema hivi kwa kuwa ndilo lililomponza.

Siri yake ilikuwa dakika kumi. Kabla hajagusa chochote kwenye ruta ya mbali, aliiamuru kwanza: baada ya dakika kumi, jizime kisha uwake. Ruta ikiwaka upya hukumbuka yale tu iliyoambiwa iyahifadhi. Yale iliyoambiwa juu juu, bila kuhifadhi, yote huyasahau. Kwa hiyo fundi aliyetega dakika kumi akijifungia nje, hukunja mikono akangoja. Ruta itajizima, itasahau kosa lake, na mlango utafunguka wenyewe. Mambo yakienda sawa, huutegua ule mtego, akaihifadhi kazi yake, akaendelea. Jerioth alifundisha hivyo kila aliyeingia ofisini, na juu ya meza yake alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: TEGA KUMI KWANZA.

Mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote alikuwa Chrispine Ngumbao. Chrispine alikuwa kijana wa Mtopanga, kule Kisauni, Mgiriama mrefu mwenye kucheka polepole, na kampuni ilimwajiri kupanda minara na kuvuta waya. Mwaka wa kwanza alikuwa akisimama nyuma ya kiti cha Jerioth na kofia yake ya kazi mkononi, akitazama kioo cheusi bila kusema kitu. Siku moja Jerioth akamgeukia.

"Wataka nini?"

"Nataka kujua unazungumza nayo vipi, dada."

Basi akaanza kumfundisha saa ya chakula cha mchana. Chrispine aliandika kwa vidole viwili, tena akitaja kila herufi kwa sauti ya chini, lakini aliloshika hakuliachilia. Kila Ijumaa alileta bakuli la buluu lenye kifuniko cheupe, limejaa mbaazi za nazi za mama yake. Chini ya bakuli mama huyo, Nyamvula, aliandika N kwa rangi ya kucha, lisije likapotea kwenye harusi na matanga ya watu.

"Ada yangu ya shule hiyo," Chrispine alikuwa akisema.

Miongoni mwa aliyomfundisha lilikuwamo hili: usimzime mgonjwa kabla hujajua anaumwa nini. Mafundi wengi wakikuta ruta imenyamaza, huikimbilia swichi. Inawaka, inafanya kazi, na sababu ya ugonjwa imefutika nao hawataijua kamwe. Jerioth aliwadharau mafundi wa namna hiyo. Alimwambia Chrispine azitazame taa kwanza, auulize mtandao, apige simu ofisini, na swichi iwe ya mwisho. Chrispine aliliweka moyoni somo hilo kama alivyoliweka lile la dakika kumi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, masika yakiwa yamepamba moto, Jerioth alipewa kazi ndogo. Ofisi ilikuwa imebadilishiwa namba yake ya mtandao juma lile, na kila ruta, ambayo kwa muda iliruhusu namba zote mbili, ya zamani na mpya, ilitakiwa iandikiwe orodha mpya ya wanaoruhusiwa kupita. Ikafika zamu ya Jomvu Kuu, saa nne na robo asubuhi. Orodha za aina ile zina tabia moja ya hatari: mstari wa mwisho hauandikwi wala hauonekani, nao husema wengine wote wakataliwe. Usipojitaja, umejikataa. Jerioth alilijua jambo hilo kuliko njia ya kwenda kwao.

Dakika kumi hakuzitega. Jumatatu iliyopita kijana mmoja mgeni alitega akasahau kutegua, na ruta ya shule moja ya Likoni ikajizima katikati ya mtihani. Gedion, mkubwa wa ofisi, aliwafokea wote kwa pamoja. Tena Ijumaa ndiyo siku ya kliniki ya wajawazito pale zahanatini, akina mama wamejaa barazani na majina yao yanaingizwa kwenye kompyuta. Jerioth akasema moyoni, ni mstari mmoja tu, nimeuandika mara mia. Naye kweli alikuwa ameuandika mara mia, na ndiyo sababu vidole vyake, bila kumuuliza, vikaandika namba ya zamani.

Akabonyeza. Kioo kikaganda.

Akabonyeza tena. Kwenye ukuta palikuwa na kioo kikubwa chenye taa ndogo za kila kituo, na ile ya Jomvu Kuu ikageuka nyekundu. Kila kitu cha zahanati kilipitia Magongo, na Magongo sasa palikuwa pamekataliwa. Dakika ya pili simu ikalia, muuguzi analalamika. Dakika ya tatu Gedion akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai.

"Jomvu imelala. Ina nini?"

Ofisi nzima iliinua vichwa. Neno lilikuwa mdomoni mwa Jerioth, tena fupi: nimejifungia. Wangepiga makofi. Wangeimba. Karatasi yake nyekundu wangeizungusha meza kwa meza, na kesho yake angekuja na mahamri ya watu wanane. Hayo tu. Lakini miaka saba ya sifa ni mizigo, na Jerioth hakuweza kuitua mbele ya watu.

"Labda upepo umesukuma dishi," akasema.

Gedion akamtuma Chrispine.

Jerioth alimsikia akiwasha pikipiki uani, akajifariji. Akifika atalizima kabati na kuliwasha kama wafanyavyo mafundi wote, ruta itasahau, lawama itabebwa na mvua, na Mungu atasamehe. Hakukumbuka kwamba huyu hakuwa fundi kama wote. Alikuwa mwanafunzi wake.

Saa tano kasoro dakika kumi simu yake ikalia.

"Dada, niko chini ya mnara," Chrispine akasema. "Taa za ruta zote zawaka vizuri. Sijaizima, vile ulivyonifunza."

"Sawa."

"Huko kwako hakuna mtu aliyegusa kitu asubuhi hii?"

Gedion alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akinywa chai. Jerioth alisikia pumzi zake.

"Hakuna," akasema.

"Basi itakuwa ni dishi. Wacha nipande nitazame."

"Na mvua?"

"Imekatika. Manyunyu tu."

Hapo palikuwa na nafasi nyingine, nayo ilikuwa pana. Angeweza kusema, jaribu kuizima kwanza. Maneno matatu. Lakini Chrispine angemuuliza kwa nini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuliza kwa nini. Akasema, "Haya."

Wahenga hunena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Jerioth siku hiyo ilikuwa ya dakika ishirini na sita. Saa tano na dakika kumi na sita, taa ya Jomvu Kuu ikageuka kijani. Alishusha pumzi, akacheka peke yake, kifua kikawa chepesi. Akasema kwa sauti, ofisi nzima isikie, "Ameweza."

"Huyo kijana namwaminia," Gedion akasema kutoka chumbani kwake.

Jerioth akampigia simu amshukuru. Alikusudia pia, nadhani, kumwambia ukweli kwa mzaha, wao wawili, na kumwomba amtunzie siri. Simu ililia sana. Aliyeipokea alikuwa mzee, kwa sauti ya Kimvita, taratibu kama anayeogopa kumwaga kitu. Alikuwa Mzee Famau, mlinzi wa zahanati.

"Mwanangu, mwenye simu hii ameanguka."

"Ameanguka vipi?"

"Ameteleza huko juu. Nami nalidhani ni umeme umemshika, nikauzima wote. Wauguzi wakanililia taa wamtazame, nikauwasha tena. Twamngojea mwenye gari, inshallah. Wewe u nduguye?"

Jerioth alitazama taa ya kijani ukutani. Ilikuwa imetulia, haipepesi. Umeme ulizimwa, ruta ikajizima, ikawaka, ikasahau orodha aliyoiandika, ikakumbuka ile ya jana. Katika dunia nzima hapakubaki alama ya kosa lake mahali popote isipokuwa kwake yeye.

Chrispine alikata roho njiani, kabla ya kufika hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Bakuli la buluu lilikuwa bado juu ya meza ya Jerioth, mbaazi hazijaguswa, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa haijafika.

Walimzika Kaloleni, walikotoka babu zake. Kabla ya ibada, Nyamvula, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, alimshika Jerioth kiganja akamuuliza jambo moja tu: je, mwanangu aliimaliza ile kazi? Jerioth akajibu kwamba aliimaliza. Mama akataka aliseme hilo mbele ya watu, na Jerioth akasimama kando ya jeneza akasema kwamba Chrispine Ngumbao aliutengeneza mtandao wa zahanati kabla hajaanguka, ukarudi saa tano na dakika kumi na sita, na akina mama wakahudumiwa. Watu wakaitikia amina. Mzee Ngumbao, baba wa marehemu, aliyekuwa mgonjwa wa moyo na haruhusiwi kulia, alitikisa kichwa mara nyingi kama mtu aliyelipwa haki yake.

Ripoti ikaandikwa: mvua, ngazi yenye utelezi, ndoano ya mkanda ilifunguka wakati marehemu akihamia daraja la juu. Hakuna aliyeuliza alipanda kwa nini. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Jerioth kifo hakikumuumbua. Kilimsitiri, kikamfunika gubigubi, na huko chini ya kifuniko ndiko alikoanza kuoza.

Karatasi nyekundu aliibandua mwenyewe. Kazi aliendelea nayo, na sasa alitega dakika kumi hata kwa jambo lisilohitaji, wakati mwingine akatega mara mbili. Mara kwa mara alisahau kutegua, ruta ikajizima, na wenzake wakamhurumia wasimsimange. Walidhani ni majonzi ya mtu aliyempoteza mdogo wake. Alikonda. Kanisani kwao Chaani aliacha kwenda, kwa sababu kila ikifika sala ya kutubu alihisi watu wote wamemgeukia, na hakuna aliyegeuka. Mwenzake mmoja alipojifungia nje, mwezi wa nane, akaleta mahamri, Jerioth alitoka akaenda kutapika nyuma ya jenereta. Ilikuwa ni mahamri tu. Sita sita kwa kila mtu, na mbaazi.

Bakuli aliliosha, akaliweka kwenye droo yake ya chini. Kila alipoifungua aliliona, na kila mara akasema wiki ijayo.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata ulipoingia, Nyamvula akapiga simu. Walikuwa wakiandaa ibada ya ukumbusho ya mwaka, Jumapili fulani, kanisani Mtopanga.

"Twataka usimame tena, mwanangu," akasema. "Useme vile alivyoitengeneza. Babake hachoki kulisikia lile neno."

Jerioth aliitikia ndiyo. Kisha akakaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima. Kulisema mara ya kwanza alikuwa ameshtuka, amevurugikiwa, mtu anaweza kumwelewa. Kulisema mara ya pili, ameketi na kulifikiri mwaka mzima, hilo hakuliweza. Akapiga moyo konde. Jumamosi ya kabla ya ibada akalitoa bakuli kwenye droo, akapita kwa mama mmoja wa Magongo auzaye mahamri, akalijaza hadi juu. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, kila mtu wa pwani analijua hilo, hata aliyezaliwa na Wameru.

Alimkuta Nyamvula uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Kutoka chumba cha kwanza ilisikika redio ya Mzee Ngumbao, na kikohozi chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vuta kigoda."

Jerioth akampa bakuli kwa mikono miwili. Nyamvula akaligeuza, akaitazama ile N, akapitisha kidole juu yake. Rangi ilikuwa imebanduka nusu.

"Nalidhani limepotea," akasema. Akafungua kifuniko. "Mbona mengi hivi? Nawe wajua mimi hupika mwenyewe."

"Hayo ni ya faini, mama."

"Faini gani?"

Basi akamweleza. Alianza na sheria ya mahamri, na Nyamvula akatabasamu, kwani Chrispine alipata kumsimulia. Akamweleza jinsi mtu anavyojifungia nje, na dakika kumi, na mstari wa mwisho usioonekana. Akamweleza Ijumaa ile, namba ya zamani, kioo kilivyoganda, chai ya Gedion. Hakujitetea, na sifa hiyo nampa. Mwanzoni Nyamvula aliendelea kukuna nazi. Kisha mkono ukapunguza mwendo. Kisha ukasimama, nusu ya kifuu ikiwa bado kwenye meno ya mbuzi.

"Alikupigia simu?" akauliza.

"Alinipigia, akiwa chini ya mnara."

"Akakuuliza?"

"Aliniuliza kama kuna mtu aliyegusa kitu. Nikamwambia hakuna."

Redio chumbani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nyamvula alingoja msomaji ataje majina mawili, matatu.

"Na huko juu kulikuwa na kazi?"

"Hakukuwa, mama."

"Hata kidogo?"

"Dishi lilikuwa sawa."

"Na ile taa iliyorudi?"

"Ni Mzee Famau aliyezima umeme. Si Chrispine."

Nyamvula alitikisa kichwa polepole, mara moja. Akakichomoa kifuu kwenye mbuzi, akakiweka ndani ya sinia, akajifuta mikono kwenye leso.

"Mwanangu alipanda bure," akasema.

Jerioth alikuwa amejiandaa kwa laana, kwa kofi, kwa kilio cha kuwatoa majirani. Kwa maneno yale hakujiandaa. Machozi yakamtoka akayaacha yashuke.

"Si ungenunua mahamri," Nyamvula akasema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemuuliza mtoto kwa nini hakuvaa viatu.

"Ningenunua mahamri, mama."

Jirani alipita na ndoo, akasalimu, Nyamvula akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za mjukuu. Jirani alipoondoka, akamgeukia Jerioth.

"Nani mwingine ajuaye?"

"Hakuna. Ila Mungu."

"Basi sikiliza. Huyo aliye humo ndani daktari amesema moyo wake wabebwa kwa kamba. Kila asubuhi akiamka, neno la kwanza ni hilo, kijana wangu aliimaliza kazi yake. Hunyoosha mgongo akilisema. Kesho utasimama, useme vile vile ulivyosema Kaloleni."

"Mama, nimekuja ili nisiliseme tena."

"Najua umekuja kwa nini. Umekuja kutua. Kwangu umeshatua, na mimi sina pa kukurudishia. Kwake hutatua."

"Utanisamehe?"

"Hilo usiniulize leo." Akalifunika bakuli kwa kile kifuniko cheupe, akakibonyeza pande zote, akamrudishia. "Na haya chukua. Sitayala."

"Bakuli ni lako, mama."

"Lilikuwa la kukuletea chakula. Nenda nalo."

Jerioth akaondoka nalo vile vile lilivyokuja, zito, likiwa bado na joto la mahamri chini. Njiani kutoka Mtopanga hadi barabara ya Malindi alilikumbatia kifuani kwa sababu hakujua pa kuliweka. Alikuwa ameusema ukweli wote na hakuna kilichopungua. Kilikuwa kimeongezeka kitu: sasa kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye hatalala.

Kanisa la Mtopanga ni la mabati, na siku ya ibada jua lilikuwa kali, watu wakijipepea kwa karatasi za nyimbo. Picha ya Chrispine ilisimamishwa mbele, amevaa kofia ya kazi, anacheka polepole. Mzee Ngumbao aliketishwa safu ya kwanza. Alikuwa amenyolewa vizuri, amevaa koti la kazi la mwanawe lenye jina la kampuni mgongoni, limempwaya mabegani. Nyamvula alikaa kando yake, mikono imelala mapajani. Mchungaji alipomwita Jerioth, aliyefanya kazi na marehemu, mzee alimgusa jirani yake kwa kiwiko akamnong'oneza kwa sauti ambayo kanisa zima liliisikia.

"Huyo ndiye aliyemfunza."

Jerioth akasimama mbele. Alishika ukingo wa meza. Alitafuta mahali pa kutazama, na kila mahali palikuwa na mtu.

"Chrispine alikuwa mwanafunzi wangu," akaanza. Hilo lilikuwa kweli, na likamsogeza mbele. "Nililomfunza hakulisahau hata moja. Mpaka dakika ya mwisho alifanya kazi yake vile nilivyomfunza."

Sauti ikakatika. Watu walimngoja kwa upole, wakidhani ni uchungu, na kweli ulikuwa uchungu. Mzee Ngumbao aliegemea mbele, mdomo wazi kidogo, akilingoja neno lake.

"Siku hiyo," Jerioth akasema, "mtandao wa zahanati ulikuwa umekatika. Chrispine akaenda, akautengeneza. Ulirudi saa tano na dakika kumi na sita. Aliimaliza kazi yake."

"Amina," watu wakaitikia. Mzee Ngumbao aliitikia mwisho kuliko wote, kwa nguvu, akanyoosha mgongo ndani ya koti lile kubwa. Kisha akamgeukia mkewe, kutazama kama naye amesikia.

Nyamvula alikuwa hajafungua kinywa. Alimtazama Jerioth pale mbele, akamtazama mumewe, akamvuta kola ya koti ikakaa sawa.

"Amina," akasema.